Simu Ziliita Kwenye Ofisi Tupu

Sikusomea simu mahali popote. Nilifunzwa na mama wa swichibodi, ile meza ya kuunganisha simu, kwa kiwanda cha majani chai hapa Kericho, nikiwa kibarua wa kufagia. Mashini yake ikigoma alikuwa ananiacha niifungue, kitabu cha maelezo ya hiyo mashini nikae nacho hata mwezi. Ukimgusa huyo mama umenigusa mimi, na mimi sina breki.

Kampuni iko na kiwanda kingine upande wa Bomet, nacho kina swichibodi yake. Mtu wa huku akitaka wa kule, alikuwa anamwambia mama, mama anapiga laini ya nje, anamuunganisha. Meneja akaniita, wakati huo nishakuwa fundi wa kujitegemea: unganisha hizi mitambo mbili ziwe kitu kimoja, mtu ajipigie.

Hiyo kazi niliipiga vizuri, sitajificha. Sauti niliipitishia laini ya data iliyokuwa tayari kati ya viwanda. Namba nikapanga upya, za huku zianze na nne, za kule na saba, ofisi mbili zisigongane. Saa nne asubuhi nikajaribu. Stoo ya huku ikaongea na stoo ya Bomet kama wamekaa benchi moja.

Meneja akanipa mkono, hapo mbele ya meza ya mama. Halafu akasema, "Sasa mama tutamwachisha kazi Ijumaa."

Damu ikapanda. "Bosi, hiyo hukuniambia."

"Wewe ni fundi wa simu ama ni chama cha wafanyikazi?"

"Naweza ng'oa hii kitu yote saa hii!"

"Ng'oa nione."

Mama akanivuta shati. "Nyathina, funga mdomo," akasema. Hivyo ndivyo watu wa kwao kule ziwani humwita mtoto wao. "Kazi yako ni safi. Usiichafue juu yangu."

Nikamtii, lakini sikuondoka. Nilikaa naye pale mezani, simu yake kimya, amekunja mikono.

Sasa kosa langu. Nilijaribu asubuhi, na asubuhi majani iko shambani, wakubwa wako ofisini. Saa tisa mchana lori zinaingia, na hakuna mkubwa wa kiwanda anayekaa kwa kiti. Wote wako chini na majani.

Hiyo saa tisa simu ya ofisi ya kwanza ikaita, ikanyamaza. Ikaita ya pili. Ya tatu. Korido nzima, mlango kwa mlango, na ndani hakuna mtu. Nikakimbia nikashika moja.

"Kwani huko mmekufa?" Alikuwa msimamizi wa Bomet. "Feni za kukausha majani zimezima! Niko na lori tano hapa, majani inaanza kupata moto. Mnaweza kuzipokea?"

"Mimi ni fundi wa simu tu, ngoja nitafute mtu."

"Mtu gani? Nimepiga namba zako zote, fundi!"

Nikachungulia mlangoni, nikamuuliza mama pale mezani kwake. Hakuinuka hata. "Mkubwa wa kupokea majani ako kwa mizani ya nyuma," akasema. "Hapo hakuna simu. Piga kwa geti, mwambie askari apige kelele."

Nikapiga. Askari akapiga kelele. Mkubwa akaja mbio, akasema lori zije zote, na majani ya watu ikaokoka.

Sikungoja ruhusa. Nilikaa kwa kompyuta inayoendesha simu nikapanga hivi: simu yoyote, ya huku ama ya Bomet, ikiita mara nne bila kushikwa, inaruka kwa meza ya mama. Meneja alinikuta namaliza.

"Nani amekuruhusu?"

"Feni za Bomet."

Kabla hajanijibu, meza ya mama ikaita. Akashika, akasalimia kwa Kikalenjin, "Chamgei," akasikiliza. "Huyo sasa ameingia chumba cha boiler. Ngoja nikupatie." Akampata.

Meneja akatoa kalamu mdomoni. "Basi hiyo ya Ijumaa tuiwache," akasema.

Mtu mwingine angeshukuru anyamaze. Mimi nikamwambia kama mama ni wa viwanda viwili sasa, anahitaji kiti cha maana, si hiki cha mbao. Mama akanikanyaga chini ya meza, kweli kweli. Kiti kililetwa Jumatatu.