Mchanga wa Kagunga Jichoni

Ipo siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu: siku niliyotumia jicho langu zima kukiona kitu kilichokuwa kikinila jicho bovu.

Tulikuwa wakimbizi, mimi na mama, tumevuka kutoka Burundi, tukipata riziki kwa kuanika dagaa mchangani kwenye mwalo wa Kagunga, ufukwe wa ziwa wavuvi wanaposhusha samaki. Upepo ukanipiga mchanga jichoni. Jicho likawa jekundu, kisha doa jeupe likatokea kwenye kioo cha jicho, mbele ya mboni. Kwenye kituo cha afya nikapewa matone, lakini wiki zikapita na doa likazidi kutanuka. Tukapanda boti hadi Kigoma kwa daktari wa macho, nami upande mmoja naona ukungu mtupu.

"Lilianzaje?" akauliza daktari, mwanamke wa makamo.

"Lenyewe tu," mama akajibu.

Nilikuwa na aibu sana. Mbele ya wakubwa sikuwa nikiinua kichwa. Lakini siku hiyo niliogopa upofu kuliko watu. Nikanong'ona, "Mchanga."

"Sema tena, binti."

"Mchanga wa mwaloni. Shikamoo."

Akacheka. "Marahaba! Salamu imechelewa, lakini imekuja na habari."

Akaagiza matone yote yaachwe kwa siku mbili.

"Mawe!" mama akalia kwa lugha ya kwetu, yaani "Mama yangu!" "Mtoto anapofuka, nawe unamnyima dawa?"

"Dawa hii haiviui vijidudu, mama, inavificha tu. Nataka nivione."

Tuliporudi kwake baada ya siku hizo akalitia jicho ganzi, akalikwangua doa taratibu, akapaka alichokipata kwenye kipande cha kioo na kukitia rangi. Alipokwisha kutazama akaniita kwenye hadubini. Nikainama. Nikaona nyuzi zenye matawi, nyembamba kuliko uzi wa wavu wowote niliowahi kuushika.

"Hawa ni bakteria wa udongo," akasema. "Ni nadra kuwakuta jichoni. Wengi huwadhania kuvu."

Mchanga niliokanyaga kila siku ulikuwa na wakazi, nao walikuwa wamehamia kwangu.

Daktari akanibadilishia matone. Mwanzoni mama alinitilia kila saa, usiku na mchana, akinung'unika na kuomba Mungu. Kovu dogo limebaki, hili hapa, lakini ninakuona.

Kwa hiyo, mwanangu, jicho likiuma nenda mapema, wala usitie matone ya jirani. Ukiulizwa limepatwa na nini, sema, hata kwa kunong'ona. Hadubini ilikuwa ya daktari, lakini habari ya mchanga nilikuwa nayo mimi.

Mungu akulindie macho yako, uzeeke ukiliona ziwa lote, ng'ambo hadi ng'ambo.