Midomo ya Kaka Yadagiri

Kaka Yadagiri hakuweza kusoma kimya. Nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililomponza, na mimi mwenyewe nilikuwa na mkono wangu humo, kwa hiyo sitajifanya mtakatifu.

Tulifanya kazi kampuni moja hapa Hyderabad. Kwa miaka kumi na tisa yeye alitunza seva za wateja katika chumba chenye baridi kali, kiasi kwamba hata mwezi wa tano, jua linapochoma, alivaa sweta. Kisha wateja wakahamia kwenye wingu, yaani data zao zikaenda kukaa kwenye kompyuta za kukodi huko mbali, na seva zake zikazimwa moja baada ya nyingine. Yeye akawekwa benchi. Benchi letu ni kama la mpira: jezi umevaa, mshahara unapata, kucheza huchezi. Ila ukimaliza siku tisini bila kuitwa kwenye mradi, unaitwa ofisi ya utumishi na kukabidhiwa barua ya kujiuzulu ambayo wamekwisha kukuandikia. Kinachosubiriwa ni sahihi yako tu.

Siku yake ya hamsini na mbili nilimbana meneja wangu mpaka akakubali kumchukua kwenye timu yetu, inayolinda data za wateja humo winguni. Akatoa sharti moja: alete cheti cha usalama wa wingu kabla ya siku tisini kwisha. Nikamfuata kaka mezani kwake kumpa habari.

"Mdogo wangu Sarala," akasema, "umeniokoa. Hapa nilikuwa naanza kuota mizizi."

"Sijakuokoa bado. Kuna mitihani sita ya majaribio, kila mmoja una maswali sitini na tano. Yafanye yote mpaka uyachoke, halafu uyafanye tena."

"Kwa Kiingereza?"

"La, wamekutafsiria kwa Kitelugu chetu, tena na picha za kupaka rangi."

Akacheka. Nilipenda kumchokoza kwa sababu alikuwa hanuni. Mtihani wa kwanza alipata arobaini na nane kwa mia, na siku hiyo hakucheka.

Akaanza kusoma kwa dhati, na hapo vurugu zikaanza. Kila swali alilisoma kwa mdomo, neno kwa neno, akitembea. Vijana wa benchi wakampa jina la Redio. "Redio, punguza sauti kidogo, tunalala!" Mwishowe akahamia kwenye ngazi za dharura, na ukipita ghorofa ya nne ulimsikia akinong'ona huko kuhusu funguo na ruhusa, utadhani anasali.

Nilimuuliza kwa nini hasomi kwa macho kama watu.

"Shule yetu ya kijijini ilikuwa chumba kimoja, madarasa matatu," akasema. "Mwalimu akigeukia ubao hakuwa anatuona, alikuwa anatusikia. Ukinyamaza tu, fimbo inakufuata. Mpaka leo nikifunga mdomo, neno linaingia jichoni halifiki kichwani. Na Kiingereza ndiyo kabisa."

Nikamwambia hayo ni mambo ya kizamani, akasema hata yeye ni wa kizamani, ana miaka arobaini na sita. Tukaliacha hapo.

Msidhani alikuwa anakariri. Hata mimi nilimshuku, maana wengi hukariri herufi za majibu na kuingia mtihanini vichwa vitupu. Siku moja nikaokota maswali sitini na tano kutoka mitihani yote sita, nikayachanganya, nikabadilisha majina ya kampuni na mpangilio wa majibu, nikampelekea pale ngazini. Akayasoma yote kwa sauti, taratibu, akinieleza kwa Kitelugu kwa nini hili ndilo na lile silo. Akapata tisini na moja. Mimi mwenye cheti nilipata themanini na tatu siku zile zangu. Nilimwambia, "Kaka, ukifeli wewe, mimi nahama mji."

Bado nipo Hyderabad.

Kituo cha mtihani pale mtaa wa Ameerpet kilikuwa na nafasi siku ya Alhamisi, siku yake ya themanini na nane. Yeye alitaka kituoni. Mimi ndiye niliyemzuia. Nikamwambia kituoni kuna fujo, foleni, mashine za zamani. Afanyie nyumbani, msimamizi atamwangalia kupitia kamera ya kompyuta na kila kitu kitakuwa shwari. Mimi mwenyewe nilifanyia kituoni. Mstari mzima wa watahiniwa tulikuwa tukinong'ona na hakuna aliyetujali, na sikulikumbuka jambo hilo hata mara moja wakati nampangia mwenzangu maisha.

Alhamisi asubuhi akabandua kila kitu ukutani, hata picha ya mungu wa kike Lakshmi, maana kamera inataka kuta tupu. Mkewe Swaroopa akaipokea kwa mikono miwili, akaenda nayo kwa jirani akae huko, kwa sababu mtu mwingine akionekana chumbani mtihani unafutwa.

Swali la nne, maandishi ya msimamizi yakatokea pembeni mwa kioo cha kompyuta: Usisome kwa sauti. Kaka akajibu kwamba hatoi sauti. Msimamizi akaandika: Midomo yako inacheza. Onyo la kwanza.

Akaziba mdomo kwa kiganja ili midomo ichezee humo. Maandishi yakaja tena: Usifunike mdomo. Onyo la pili. La tatu, mtihani unafutwa.

Yalibaki maswali zaidi ya hamsini. Akaing'ata midomo yote miwili kwa meno, akaendelea hivyo muda wote uliobaki. Aliniambia alikuwa akiyaona maneno, anayafahamu moja moja, lakini hayashikani. Swaroopa aliporudi alimkuta amekaa palepale mbele ya kompyuta, mdomo wa chini umechanika na damu imemdondokea kwenye shati.

"Baba Kirti, nani amekupiga?" akauliza.

Alihitaji mia saba kati ya elfu. Alipata mia sita na kumi na mbili. Kuurudia ni lazima usubiri siku kumi na nne, naye alikuwa amebakiwa na mbili. Nilikwenda kwa meneja nikamweleza habari ya midomo. Akaniangalia kama mtu anayesikiliza udhuru wa mtoto, akasema, "Sarala, cheti kipo au hakipo?" Nikatoka humo na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Ijumaa, kwa kuwa Jumamosi ofisi hufungwa, alitia sahihi ile barua. Akarudisha kompyuta ya kazi na kitambulisho, akaja kunishukuru.

Jumatatu, saa tano asubuhi, akanipigia simu.

"Mdogo wangu, una dakika moja? Kuna swali moja limenikaa. Sikuliweza siku ile."

"Lisome, kaka."

Akalisoma lote kwa kichwa, taratibu, na nyuma yake nikasikia sufuria za Swaroopa. Mfanyakazi ameondoka kwenye kampuni leo. Simu yake bado inaweza kuingia kwenye data za wateja. Hatua ipi ichukuliwe kwanza? Kisha akapitia majibu yote manne, moja moja, akinong'ona vilevile kama pale ngazini.

"Ni la tatu," akasema. "Wamfungie kwanza, mengine yafuate."

"Ndiyo, kaka. Ni la tatu."

"Kumbe nilikuwa nalijua," akasema. Hakuwa ananilaumu. Afadhali angenilaumu.