Kifungo cha Kikopo cha Mama Ngoie

Tuko wanne Kamina tunaocheza mchezo huu: mmoja anaficha kikopo na kuonyesha mahali pake kwenye simu, anayekipata anasaini kijidaftari kilichomo, anaacha kizawadi, kisha anaandika kwenye simu kwamba amekipata.

Mama Ngoie, mwalimu, alificha chake chini ya behewa bovu. Mimi mtoto wa reli, behewa lile nalijua tangu utoto. Ijumaa nilipofika, nyasi zilikuwa zimeloa na viatu vyangu vilikuwa vipya. Nikageuka, nikarudi nyumbani bila kukitafuta. Kwenye simu nikaandika: "Nimekipata! Kikavu kabisa. Nimesaini, nimeacha kifungo cha nguo." Kifungo hicho kilinifurahisha, nani angemshuku mtu aliyeacha kifungo?

Jumapili, nje ya kanisa, Mama Ngoie akanisimamisha mbele ya wenzetu.

"Papa Ilunga, kifungo uliachaga kilikuwa rangi gani?"

"Nyeupe, Mama."

Akafungua mkoba, akatoa kikopo.

"Maji iliingia. Mimi niliitosha kule, nikaileta kwangu juma mbili sasa, iko inakauka."

Akanipa kalamu.

"Saini basi, Papa. Na kifungo, utoshe moja pale ku shati yako."

Nilijitazama kifuani. Vifungo vilikuwa vyeupe vyote.