Mnazi wa Posa Kwenda Chaani

Niliporudi Likoni baada ya miaka mingi ya kuzurura, Voi, Malindi, Tanga, kisha Voi tena, nilikuta vijana wa mtaa wa Shika Adabu wamezua namna yao ya kukaa mangweni, kwenye vilabu vya tembo la mnazi. Mangwe lenyewe halijabadilika. Ni makuti yale yale na mabenchi ya mbao, na mama muuzaji kaketi nyuma ya mitungi yake ya mnazi, hacheki na mtu. Ila enzi zangu wanywaji walikuwa wagema, wapakiaji wa bandarini na wazee waliochoshwa na wake zao. Sasa unamkuta kijana mwenye diploma, kavaa viatu vyeupe, anakipiga picha kifuu cha mnazi kabla hajakigusa.

Mkutano wao wa Jumamosi wanauita kikao, na kikao kina mwenyekiti. Anayetaka kwenda nyumbani sharti aombe ruhusa, na ruhusa haitolewi. Nilimsikia mmoja akiomba ruhusa ya kwenda mazikoni kwa jirani yake. Wakasema hoja ijadiliwe kwanza. Ilipomalizika kujadiliwa, jirani alikuwa kaburini kitambo na watu wameshakula pilau wakatawanyika.

Mwenyekiti alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Nasema alikuwa, kwa sababu alipompata msichana mmoja wa Chaani, mwalimu wa chekechea, alijiuzulu. Msichana alimwambia achague, naye akachagua. Tangu Pasaka hakugusa mnazi wala bia. Kikao kilimsikitikia kama mtu aliyepatwa na msiba.

Taabu ilikuwa kwa baba wa msichana. Yeye ni mzee wa kanisa, fundi mstaafu wa mitambo, mtu wa maneno machache. Binti yake mkubwa aliolewa na mlevi, akarudi nyumbani na watoto wawili na jino moja pungufu. Mpwa wangu alipokwenda kujitambulisha, mzee alimuuliza swali moja tu.

"Unakunywa?"

Kijana angejibu, "Nilikuwa nikinywa, nimeacha," mambo yangekwisha pale pale, vizuri au vibaya. Lakini aliogopa. Akajibu, "Sijapata kuonja, baba."

Hapo ndipo alipojifunga. Maana mzee ana kaka yake, baba mkubwa wa msichana, na huyo hasikii la kanisa wala la kiwanda. Kwake yeye, bila kadzama hakuna posa. Kadzama ni mnazi ambao upande wa kijana hupeleka kwa wakwe, na sisi watu wetu wa huku nyuma ya pwani, hata tukibatizwa mara ngapi, hatujui kuoa bila huo. Baba mkubwa akishika jambo, hata mdogo wake mzee wa kanisa humpisha. Kisha msichana akapiga simu kwa sauti ya chini, kumwonya mwenzake: "Baba mkubwa hatakubali mjomba wako aonje mnazi. Atataka uonje wewe mwenyewe, mbele ya baba."

Kwa hiyo kijana ambaye hajapata kuonja mnazi ilibidi apeleke mnazi, na aunywe mbele ya mtu aliyeapa hatamwoza binti yake kwa mnywaji.

Mimi ndiye mjomba pekee aliyebaki, kwa hiyo nikapewa uongozi wa msafara. Mara ya kwanza huenda wanaume wachache. Dada yangu alibaki nyumbani anaomba. Tulikuwa wanne. Mimi, mpwa wangu, na marafiki zake wawili wa kikaoni. Mmoja dereva wa tuktuk, mzaliwa wa hapa hapa, mdomo haukai. Wa pili kijana wa kutoka bara, Kakamega, anafanya kazi ya ghala huko bandarini, na ndiye aliyeazima gari la binamu yake.

Zamani safari hii ilikuwa ni feri na kusukumana, kisha kisiwa kizima mpaka uingie Changamwe, iliko Chaani. Sasa tulipita barabara mpya ya Dongo Kundu, mikoko huku na huku, madaraja marefu, upepo. Mtu aliyeondoka hapa kijana akarudi na mvi anaangalia njia hiyo na kujiona mgeni kwao. Ningependa kuangalia zaidi, lakini dereva wa tuktuk alikuwa katikati ya somo.

"Sikiliza, mwenyekiti. Kosa lako litakuwa raha. Ukionyesha raha, umekwisha. Unywe kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo. Kunja uso. Nionyeshe."

Mpwa wangu alikunja uso.

"Huo ni uso wa mtu mwenye jino bovu. Kunja tena. Haya. Halafu ukohoe."

"Nikohoe mara ngapi?"

"Ukohoe mpaka mama mkwe alete maji!"

Walisimamisha gari pembeni, wakatoa kifuu walichokuja nacho na chupa ya maji, wakaanza mazoezi. Kijana alikunywa maji, akakunja uso, akakohoa. Akaambiwa asiyapulize maji, maana maji hayana povu, na anayepuliza ameshajifichua. Akaambiwa asichuje kwa meno. Ni kweli, mnywaji wa mangweni huchuja nyuki walioangukia mnazini kwa meno bila hata kujijua, kisha humtema nyuki upande. Mara ya tatu alikuwa anakunywa kwa shida kabisa, mpaka nikamwonea huruma.

"Sasa uko fiti, bana," alisema yule wa bara. "Hata mimi naamini hujawahi."

Huyu wa bara ndiye aliyetutia kwenye balaa lililofuata. Harufu ya mnazi tuliobeba kwenye mtungi wa plastiki ilikuwa imejaa garini, naye, kwa nia njema, alikuwa amekaza kifuniko cha mtungi. Mtu aliyekulia hapa hakazi kifuniko cha mnazi. Mnazi unachemka wenyewe, unataka kupumua, unalegezewa na kuzibwa kwa jani. Tulipofika juu ya daraja nilisikia plastiki ikilalama. Nikageuka. Mtungi ulikuwa umevimba tumbo kama mja mzito.

"Nani amekifunga hiki?"

"Mimi, mzee. Si ilikuwa inanuka?"

"Kilegeze! Polepole!"

Mpwa wangu ndiye aliyekuwa karibu. Alikigusa tu. Kifuniko kilipiga paa la gari, na povu likamrukia kifuani, shingoni, mpaka nyusi. Shati lake jeupe, alilopigiwa pasi na mama yake, lilikuwa limelowa, na lilinuka kikao kizima cha Jumamosi.

"Nirudisheni nyumbani," alisema. Hakuwa anatania. "Nikiingia pale hivi, nimemkosa. Na nisipokwenda leo, baba mkubwa atasema nimedharau, nimemkosa vile vile."

Nilivua shati langu nikampa. Alijifuta kwa maji yaliyobaki ya mazoezi, akalivaa, likampwaya mabegani. Mimi nikavaa lake lililolowa, vifungo havikufika tumboni. Bora mjomba anuke kuliko bwana harusi. Mnazi uliobaki ulitosha kwa desturi.

Pale Chaani tulipiga hodi, tukakaribishwa uani chini ya turubai, viti vya plastiki vimepangwa. Tukatoa shikamoo, tukaitikiwa. Baba wa msichana alinipa mkono, akauzuia mkono wangu, akavuta hewa puani.

"Mjomba wa kijana, wewe unakunywa?"

"Nakunywa, mzee."

"Na huyu kijana hukaa kwako?"

"Hukaa kwa mama yake."

Akaniachia mkono. Alimtazama mpwa wangu kwa muda, shati lile kubwa, nywele zenye unyevu. Kisha akarudi kitini kwake. Nilitamani aulize zaidi.

Baba mkubwa alikuwa kinyume chake, mtu wa kicheko, kofia ya kitambaa, fimbo mapajani. Nikaleta maneno ya posa kwa utaratibu wake, tumeona ua uani kwenu, tumependa, tumekuja na mnazi. Akaitikia kwa utaratibu wake. Mtungi ukawekwa mbele, kifuu kikatolewa.

"Basi," alisema baba mkubwa, "mwenye kutaka mke aonje kwanza, tujue hamkutuletea sumu. Kijana, njoo huku mbele."

Mpwa wangu akaenda, akakalia kigoda kilichokuwa hapo. Baba wa msichana alisogeza kiti chake, akawa anamtazama ana kwa ana. Kwenye mlango wa jikoni pazia lilisogea kidogo, nikajua msichana yuko nyuma yake.

Kifuu kilijazwa. Dereva wa tuktuk, kwa mara ya kwanza siku ile, alikuwa kimya.

Kijana alikipokea kwa mikono miwili, kama mtu asiyejua kinashikwaje. Vizuri. Povu lilikuwa limejaa, hakulipuliza. Vizuri sana. Alipiga funda la kwanza, uso ukajikunja vilivyo, macho yakatoka machozi. Sijui kama yalikuwa ya kuigiza, maana mtu aliyekaa bila mnazi tangu Pasaka huukuta mkali. Alipiga la pili. Kulikuwa na nyuki mmoja, nilimwona. Akammeza! Nilitaka kumpigia makofi. Akamaliza, akakohoa, akashika kifua. Baba mkubwa alikuwa anacheka. Mama mmoja alitoka na maji.

Na hapo, ilhali shughuli imekwisha, mkono wake wa kulia ukakigeuza kifuu juu chini na kukipiga gotini mara mbili, tap, tap, kukikung'uta tone la mwisho ili anayefuata akipate safi.

Hakuna anayefanya hivyo nje ya mangwe. Nyumbani kila mtu ana kikombe chake. Ni pale tu penye kifuu kimoja kinachozunguka benchi zima ndipo goti linajifunza kazi hiyo. Yeye mwenyewe aliona alichofanya baada ya kukifanya. Kifuu kilibaki pale gotini, na mkono juu yake, kama mkono wa mtu mwingine.

"Unakunywa," alisema baba wa msichana.

Kicheko cha baba mkubwa kilikatika. Lakini yeye hakukatikiwa na maneno.

"Na wewe umejuaje?" alimuuliza mdogo wake. "Mzee wa kanisa, la gotini umelijulia wapi?"

Nilidhani atakasirika. Alitazama chini.

"Wewe unajua nilikolijulia, kaka. Tulikuwa tukikaa benchi moja. Mama yao alikuwa akija kunitoa kule, amebeba mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe ndiye huyu mliyekuja kumposa." Akainua macho. "Nilikuuliza swali moja, kijana. Moja tu."

Mpwa wangu alikiweka kifuu chini. "Nilikudanganya, baba. Nilikuwa nakunywa, sana. Niliogopa ukijua hutanipa nafasi. Nimeacha tangu Pasaka. Hicho cha sasa ndicho cha kwanza."

"Kila mlevi ameacha. Hata yule mkwe wa kwanza alikuwa ameacha siku aliyokaa hapo ulipokaa."

Mimi ndiye msemaji wa msafara, na nimebishana na matajiri wa malori huko Voi, lakini pale, ndani ya shati linalonuka, nilibaki kuvuta vifungo visivyofika. Yule wa bara alininong'oneza, "Mzee, twende?" Nikamkanyaga mguu.

"Mambo yamekwisha," alisema baba.

"Hayajaisha," alisema baba mkubwa. "Mnazi hauwezi kurudishwa kabla mwenyewe hajaulizwa. Hata wewe huwezi kuruka hapo." Akaita kuelekea jikoni, akimwita binti kwa cheo cha nyumbani. "Mama!"

"Abee."

"Njoo."

Alitoka, leso mabegani, hakumtazama mtu. Alipiga magoti kando ya mtungi kama inavyotakiwa. Baba mkubwa alimuuliza swali lile lile wanaloulizwa wote, kuanzia bibi zetu.

"Mnazi huu umeletwa kwa ajili yako. Tuunywe, au tuumwage?"

Akisema umwagwe, humwagwa pale pale mchangani, na wageni huondoka bila kuaga. Nimewahi kuliona hilo mara moja nikiwa kijana, na sikutaka kuliona tena. Mpwa wangu alikuwa anatazama mikono yake.

"Baba," alisema msichana, na alikuwa anasema na baba yake, si na baba mkubwa. "Mimi nilijua alikuwa akinywa. Nilikwenda mwenyewe kumtoa kule mangweni, mara moja. Nilisimama mlangoni, nikamwambia sitakuja tena. Kama yeye angerudi, leo nisingekubali waje wakae hapa."

Baba yake aligeuza macho kwenye kile kifuu.

"Unyweni, baba mkubwa," alisema binti. Kisha akanyoosha mkono, akakichukua kifuu kilichokuwa miguuni pa mpwa wangu. "Lakini hiki nakirudisha jikoni. Leteni vyenu."

Baba mkubwa alipiga fimbo chini kwa furaha na kuagiza vifuu vingine. Marafiki zetu wawili walisogeza viti karibu na mtungi kabla hawajaalikwa. Mimi nilikuwa namtazama baba. Uso wake haukuwa umelegea hata kidogo. Alikaa hivyo mpaka binti akakaribia pazia, ndipo akamwita.

"Mama."

"Abee, baba."

"Mimi sinywi mnazi. Niletee chai." Akamtazama mpwa wangu, ambaye alikuwa bado kwenye kile kigoda, hajui ainuke au abaki. "Vikombe viwili."