Mwalimu Aliyejijibu

Siku ya kwanza Mwalimu Eunike kusimama mbele ya meza yangu ya mitumba pale sokoni Kiboriloni, alinunua blauzi kwa bei aliyojipangia mwenyewe. Aliigeuza nje ndani, akavuta mshono, akauliza, “Hii shilingi ngapi, mama?” Kabla sijafungua mdomo akaendelea, “Ni elfu sa...?”

Nikanyamaza. Haukuwa ujanja, nilikuwa natafuta chenji ya mtu mwingine. Lakini yeye hakuweza kuvumilia.

“Saba!” akajijibu, akatoa saba. Mimi ningeiachia kwa nne.

Mteja wa namna hiyo hasahauliki. Nilimuuliza anatoka wapi, na kwa kuwa hakuna swali ambalo angeliacha hewani, alinieleza yote amesimama, mkoba ukihama bega hili kwenda lile. Kwao Masama. Miaka kumi na tisa amefundisha shule ya msingi kwa cheti cha Daraja la Tatu A. Sasa anasoma Shahada ya Elimu, mwaka wa mwisho, ili ahamie sekondari. Chuoni yeye ndiye bibi. Vijana wanamwita mama mlezi na kunakili maandalio yake ya somo. Blauzi ilikuwa ya mazoezi ya kufundisha, zile wiki nane ambazo chuo kinampeleka mwanafunzi kwenye shule halisi, na msimamizi anakuja mara tatu kukaa nyuma ya darasa na kumpa alama.

“Miaka kumi na tisa uko darasani, halafu unaenda kujifunza kufundisha?” nikamwambia.

“Mtaala ndivyo unavyo...?”

“Unavyosema,” nikamalizia, kisha nikajishangaa.

Wiki ya nne alirudi, na hakuja kununua. Alizunguka meza akikunja upya blauzi nilizokwisha kukunja, akatazama barabara, akakunja tena. Mwishowe akatoa karatasi ya msimamizi. Kufaulu ni arobaini. Ziara ya kwanza, alama thelathini na nane. Ya pili, thelathini na tisa. Chini ameandika: *Mwalimu anauliza na kujijibu. Wanafunzi wanamalizia silabi, hawafikiri.*

“Kijana mdogo,” akasema. “Ananiamkia shikamoo vizuri kabisa, halafu anakwenda kukaa nyuma kunichinja.”

“Kwani kasema uongo?”

Hapo hakujibu, na kwake hiyo ilikuwa ajabu. Kilichomuuma ni kwamba somo la Mbinu za Kufundishia alipata A. Kwenye mtihani aliandika kurasa nne juu ya muda wa kusubiri: mwalimu akishauliza anyamaze, ahesabu moyoni hadi tano, mwanafunzi apate nafasi ya kuwaza. Yote aliyajua. Ila akiingia darasani, kimya cha sekunde mbili kinamwasha kama upupu, anakimbilia kukiziba. Kitenzi hueleza ten...? Na watoto arobaini wanaitikia: tendo!

Ilibaki ziara moja. Akianguka, anarudia mazoezi mwakani, na ruhusa ya masomo aliyopewa na mwajiri inaisha Desemba, haiongezwi. Angerudi Masama na cheti kilekile, na miaka mitatu ya chuo iwe matembezi.

Mimi shahada sina, lakini kunyamaza nakujua. Nilishuka kutoka Mkuu, kule Rombo, na beseni la ndizi, nikafika kwenye mabelo ya nguo kwa kutaja bei na kufunga mdomo. Muuzaji anayetaja bei kisha akaongeza neno, huyo ameshashuka.

“Nitakufundisha,” nikamwambia. “Utanipa nini?”

“Nyumbani nina maparachichi.”

“Maparachichi ninayo. Nataka mdomo wako.”

Maana kasoro ile ile iliyokuwa inamwangusha chuoni, sokoni ni mali. Tukakubaliana Jumamosi nne: asubuhi nimfunze kunyamaza, mchana apande kwenye benchi anipigie debe. Nilijua wazi kwamba ninachojenga asubuhi nitakibomoa mchana. Yeye hakuuliza, nami sikumwambia.

Jumamosi ya kwanza nilimweka mbele ya meza. Mteja akiuliza, taja bei, funga. Akataja, “Elfu tano,” akatulia kidogo, jasho likamtoka puani, kisha, “lakini unaweza kusema tatu na nu...?”

Bernadetha, jirani yangu anayeuza mtori wa ndizi, alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. “Mwalimu, kuku hutaga kwanza ndipo akalia. Wewe unalia yai bado liko tumboni!”

Nikaona ugonjwa uko wapi. “Mikono yako haina kazi, ndiyo maana mdomo unafanya. Ukishataja bei, anza kukunja nguo. Mkono, mkono, kola, katikati. Usiseme neno mpaka umalize.”

Hilo likamwingia. Jumamosi ya pili aliuza sweta sita bila kushuka hata mara moja, anakunja tu, na mteja mwenyewe anapandisha.

Mchana sasa, amepanda benchi. “Blauzi hii imetoka Ula...?”

“Ulaya!”

“Ukiingia nayo kanisani, mchungaji mahubiri atasa...?”

“Atasahau!”

Watu walijaa. Mtu akishaitikia anajiona ni wa shughuli, anaona haya kuondoka mikono mitupu. Belo lililonikalia wiki mbili lilikwisha kabla ya saa tisa.

Jumamosi ya tatu alifika uso umemvimba kwa kukosa usingizi. “Mama Doris, niachie mchana wa leo. Nimekaa siku tatu bila kumwachia mtu silabi. Nikipanda pale, itarudi. Msimamizi anakuja Jumanne.”

“Makubaliano ni nne.”

“Ndiyo ziara ya mwisho, mama.”

“Na mimi belo nimelifungua leo.”

Akapanda. “Sweta hii ni ya ba...?” Baridi! “Imetoka Ula...” Akakwama hapo. “Ya!” watu wakamalizia, wakangoja kinachofuata. Aliwatazama, mdomo umefungwa. Akashuka, akachukua mkoba, akaondoka bila kuaga.

“Umemchapa mwalimu kiboko,” Bernadetha akasema.

“Sina kiboko, nina makubaliano.” Nikasema hivyo, lakini siku ile nilikosea chenji mara mbili, na usiku niligeukageuka kitandani nikijiuliza kama nimemwangusha mtu kwa ajili ya sweta.

Jumanne jioni alikuja. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alivuta ndoo akakaa.

Msimamizi alimkuta Kidato cha Pili, kipindi cha Kiswahili. Aliwauliza: *amefika* na *alifika* vina tofauti gani? Kimya. Hapo upupu ukaanza. Akavua sweta aliyokuwa amevaa, akaiweka mezani, akaanza kuikunja. Mkono. Mkono. Darasa zima linamwangalia kama amechanganyikiwa. Kola. Alipofika katikati, msichana wa dawati la nyuma akanyoosha kidole: “Amefika, bado yupo. Alifika, labda ameshaondoka.”

Mvulana mmoja akaruka: “Sasa *amekufa* je? Huyo naye bado yupo?”

“Darasa lilicheka, Mama Doris, halafu likagombana. Robo saa nzima! Mimi nilikunja sweta mara nne.”

“Na msimamizi?”

Akanitazama. Akatulia. Nikahesabu hadi tano, hadi nane, mimi, mfanyabiashara mzima, nikashindwa: “Sabini?”

“Sabini na mbili,” akasema.

Jumamosi iliyofuata alikuja kulipa michana yake, nilimdai mmoja na nusu. Akapanda kwenye benchi, akainua blauzi, akauliza, “Mnadhani hii imetoka wapi?” Kisha akangoja. Watu wakatazamana. Mmoja akasema Uchina, mwingine akasema ni ya marehemu. Wakatawanyika mmoja mmoja. Nilimwambia ashuke, nikamfutia deni, maana kila dakika aliyosimama pale ilikuwa hasara.

Shahada aliipata. Akapangiwa sekondari huko Rombo, upande wa kwetu, na migomba yake ya Masama sasa inatunzwa na shemeji ambaye kwake mkungu mmoja kati ya miwili hauonekani. Analalamika, lakini kurudi hataki.

Mimi nilipata mauzo ya Jumamosi mbili na nusu, nikapoteza mpiga debe ambaye sijapata mfano wake. Na kuna hasara ya pili ambayo sikuipigia hesabu. Mwalimu Eunike alipokwenda Masama kuaga, aliwasimulia walimu wenzake jinsi alivyofaulu. Sasa wanateremka kwa makundi mwisho wa mwezi. Nataja bei, nafunga mdomo. Nao wanafunga. Mmoja anachukua nguo, anaanza kuikunja taratibu, macho kwangu. Tunasimama hivyo mpaka mtori wa Bernadetha unapoa, na mara nyingi ninayeanza kusema ni mimi.