Tulikwenda Kayenze Kumrudisha Neema

Baba alitupa kazi moja tu: twende Mwanza, tumchukue mdogo wangu Neema chuoni, turudi naye Kahama. Neema alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha uchungaji kilichopo ufukweni mwa ziwa, upande wa Kayenze. Siku zote Baba hakuwa na neno. Alijua binti yake anajifunza kuhubiri na kufundisha watoto. Lakini likizo iliyopita Neema alisema mezani, huku akimega ugali, kwamba muhula unaofuata watajifunza kuzika. Baba akanawa mikono kabla hajashiba.

"Kuhubiri, sawa," alisema. "Kubatiza, sawa. Lakini mtoto wangu wa kike asimame juu ya shimo awatupie watu udongo? Katika ukoo huu wanawake hukaa na kilio. Shimo ni la wanaume."

Neema alirudi chuoni hivyo hivyo. Ndipo Baba akamwita dada yake, shangazi Milembe, maana kwetu shangazi akitamka jambo juu ya mtoto wa kaka yake, limekwisha. Mimi niliongezwa ili nibebe mizigo, na ili nimsimulie Baba mambo yalivyokwenda bila kutia chumvi.

Tuliondoka Kahama alfajiri kwa basi. Shangazi hakukubali kukaa dirishani. Alishika kikapu chake cha karanga magotini, akanieleza safari nzima atakavyosema akifika. Hatagombana na walimu. Ataomba maji, atakunywa, kisha atamwambia Neema: kusanya nguo zako.

"Akikataa?" nikamuuliza.

"Nani? Mimi ndiye niliyemkata kucha za kwanza. Akatae nini?"

Tulipopita Shinyanga alinunua mahindi ya kuchoma, akayala yote mawili. "Mathiasi naye anapenda ya kuungua hivi," akasema. Mathiasi ni mwanawe wa pekee, aliyekuwa mvuvi katika kambi za visiwani. Miaka mingi imepita tangu mtumbwi wao upinduliwe na dhoruba. Wenzake walipatikana, yeye ziwa halikumrudisha. Nyumbani tulisali tu, hatukuwa na cha kuzika. Tangu hapo shangazi hakuwahi kumwita marehemu, na hakuna mtu Kahama aliyethubutu kumsahihisha.

Stendi ya Nyegezi, Mwanza, tulishuka mchana, jua likiwa kali juu ya mawe. Mgeni wa Mwanza hushangazwa kwanza na mawe hayo: makubwa kama nyumba, yamepandana, na watu wamejenga katikati yake kana kwamba yameahidi kutobingirika. Tulifikia Igogo kwa Mama Zuhura, mfanyabiashara wa dagaa ambaye zamani alipanga chumba kwa shangazi.

"Milembe! Umezeeka, shoga yangu!"

"Na wewe umenenepa kwa dagaa wa watu."

Walikumbatiana hadi ushungi wa Mama Zuhura ukamtoka kichwani. Ukumbi wake unatazama ziwa. Shangazi alichukua kigoda, akakigeuza, akakaa akilipa ziwa mgongo. Mwenyeji wetu aliona, akatuletea wali na sato wa kukaanga. Tulipokwisha kula akauliza kosa la Neema.

"Anataka kuzika watu," shangazi akasema.

"Hilo nalo ni kosa? Kwetu kuzika ni thawabu."

"Basi azike kwenu, wewe si Mwislamu? Mchukue."

"Mlete! Nitampa na mume."

Walicheka sana. Nami nilicheka, nikadhani safari yetu itakuwa nyepesi.

Asubuhi ya pili tulipitia Buswelu, ambako matofali yamepangwa kila upande na mji unazidi kusogea shambani, kisha tukapata gari la Kayenze. Tulishuka karibu na mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapoegeshwa. Wanawake walikuwa wameanika dagaa juu ya nyavu, wakiwageuza kwa mafagio. Nilimwamkia mmoja aliyekuwa mkubwa kuliko wenzake, nikamwuliza njia ya chuo.

"Marahaba. Fuateni michongoma hii hadi mwisho," akasema. "Ila ofisini hamtakuta mtu. Leo wanazika."

"Wanamzika nani?"

"Mwanafunzi mwenzao. Binti mmoja hivi." Akageuza dagaa. "Wale wanazika sana."

Nimepokea habari mbaya nyingi maishani, lakini sijawahi kuipokea kutoka kwa mtu asiyeacha kufagia. Shangazi alikuwa amekwisha kuondoka. Mwanamke wa umri wake, mwenye magoti mabovu, alikuwa akikimbia kando ya michongoma, na karanga zikimwagika kikapuni. Nilipomfikia alikuwa akisema neno moja tu: "Hapana. Hapana. Hapana."

Mwisho wa michongoma tulisikia wimbo wa mazishi. Chini ya miti, hatua chache kutoka majini, vijana waliovaa majoho meusi walizunguka shimo. Udongo mpya ulikuwa umerundikwa pembeni. Jeneza lilikuwa juu ya kamba. Kijana mwembamba aliyeshika kitabu alikuwa akisoma kwa sauti ya juu, na kila neno lilitufikia.

"Dada yetu Neema Masanja, mzaliwa wa Kahama, alikuwa mcheshi, mpenda kuimba, na hakumnyima mtu chakula chake."

Mbele ya shimo ulisimama msalaba mweusi wa mbao. Jina lilikuwa jeupe. Nililisoma. Nikalisoma tena, kwa sababu macho yangu hayakutaka kuliacha. Sikulia. Nikajikuta nawaza jambo la kipuuzi kabisa: kwamba nimembebea Neema sabuni.

Shangazi alipiga yowe. "Mayo! Mayo wane! Mama yangu!" Alijitupa juu ya rundo la udongo, akauchota kwa mikono miwili akijipaka kichwani. Wimbo ulikatika. Msomaji aliangusha kitabu chake shimoni. "Neema wangu! Nilikuja kukuchukua! Mathiasi, mwanangu, na huyu naye? Mmenichukulia wote wawili?"

Ndipo mtu wa nyuma ya wote akapenya akikimbia, akijikwaa kwenye joho lake, akapiga magoti kwenye udongo.

"Shangazi! Shangazi, ni mimi! Nitazame!"

Shangazi alimtazama Neema. Alimgusa pua, akamgusa masikio. Kisha akamnasa kofi, akamvuta kifuani kwa nguvu.

Maelezo tulipewa na mwalimu wao, Mchungaji Magesa, mtu mnene mwenye sauti ndogo, huku jasho likimtiririka. Yalikuwa mazoezi. Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho huchimba shimo wenyewe, na jeneza hujazwa mifuko ya mchanga ili wazoee uzito. Msalaba ule umepakwa rangi kama ubao wa darasani na jina huandikwa kwa chaki. Kila mwanafunzi, zamu yake ikifika, huandikwa jina lake msalabani, naye husimama nyuma akisikiliza wasifu wake ukisomwa. Watu wa mwaloni wamezoea kiasi kwamba hawaoni ajabu tena.

"Tunataka wajue inavyosikika kwa aliyefiwa," Mchungaji alisema. "Asiyejua hilo atazika watu kama anayefunga mizigo."

"Mmejua?" shangazi akamwuliza, udongo ukiwa bado nyusini.

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Leo tumejua, mama. Utusamehe."

Nilitegemea shangazi asimame amwambie Neema akusanye nguo. Sababu alikuwa nayo sasa kuliko tulipoondoka nyumbani. Wanafunzi nao walitegemea hivyo. Niliona msichana mmoja amemshika Neema upindo wa joho, kana kwamba atanyakuliwa. Lakini shangazi alikuwa akilitazama shimo.

"Kaburi mmelifungua," akasema. "Mmeliita kwa jina la mtoto wetu. Mtalifunga na nini?"

"Huwa tunarudishia udongo tu," mwalimu akajibu.

"Kaburi halifungwi na udongo tu. Litakaa linangoja."

Hakuna aliyecheka. Hawa walikuwa watu waliosoma miaka mitatu habari za ufufuo, na hata mmoja hakusogea karibu na ukingo. Hatimaye yule msomaji mwembamba, kijana wa Ukerewe aliyeitwa Mugeta, akazungumza.

"Kwetu visiwani, mtu akimezwa na ziwa asionekane, tunakata mgomba. Tunauvika sanda, tunauzika mahali pake. Bibi yangu alizikiwa kaka zake hivyo."

Neema aligeuka kumtazama shangazi. Nilimfahamu mdogo wangu tangu akiwa anatambaa, lakini uso ule sikuwahi kuuona.

"Shangazi," akasema polepole, "umemlilia Mathiasi."

"Nimekulilia wewe."

"Ulitulilia sote wawili. Mimi nipo. Yeye tumpe mahali."

Mawimbi yalikuwa yakigonga mawe nyuma yetu, na kwa mara ya kwanza tangu tufike Mwanza shangazi aligeuka akayatazama. Alitazama maji yale kwa hasira, kama mtu anayemkabili mwizi aliyemfahamu zamani.

"Nani atamzika?" akauliza. "Huyu mwalimu hamjui."

"Mimi ninamjua," Neema akasema. "Alinifundisha kuendesha baiskeli."

Nilimwona Mchungaji Magesa akipigana na nafsi yake: hicho hakikuwamo katika kitabu alichofundishia. Kisha akavua stola yake mwenyewe, kile kitambaa kirefu cha uchungaji, akamvika Neema shingoni, akarudi nyuma kusimama pamoja na wanafunzi.

Walikata mgomba shambani kwa chuo. Mifuko ya mchanga ikatolewa jenezani. Shangazi alivua kitenge chake cha juu akaufunga mgomba mwenyewe, hakutaka kusaidiwa, akiubana pale ambapo mtu angekuwa na mabega. Wale wanawake wa dagaa walikuwa wamesikia yowe la kweli, wakaja. Yule mkubwa wao, aliyetuelekeza njia, aliuliza mara moja tu ni mtoto wa nani. Alipoambiwa ni wa mama huyu na alichukuliwa na maji, alivua viatu, akasimama kando ya shangazi akamshika kiuno. Kumbe naye alikuwa na wake ndani ya ziwa.

Neema alifuta jina lake kwa kiganja, akaandika la Mathiasi. Alianza kusoma kwa sauti iliyokuwa ikikatika. Kitabu, kilichokwisha kutolewa shimoni, kilimtetemeka mikononi hadi Mugeta akasogea kumshikia. Alipofika kwenye maneno ya udongo kwa udongo alisita, na nikadhani basi, imemshinda. Aliinama, akachota udongo, akamtazama shangazi machoni, akautupa.

Shangazi alitoa pumzi ndefu. Akainama naye, akatupa wake. Kisha nami.

Usiku huo tulilala chuoni. Tulikula ugali na dagaa pamoja na walimu. Kesho yake asubuhi Neema alikuwa na begi lake mlangoni, limefungwa. "Shangazi, niko tayari," akasema. "Ulichokuja kusema nitakitii." Shangazi aliliinua begi, akalipima uzito, akalirudisha ndani ya bweni. Alimwambia tu ale vizuri, amekonda.

Njia ya kurudi nilijaribu kupanga nitakavyomsimulia Baba. Nilikuwa nimekwenda nikidhani kwamba kuzika ni kusimama juu ya shimo na kutupa udongo, kama yeye anavyodhani. Niliona ni kusimama mbele ya mtu mmoja aliyefiwa na kutomkimbia. Mishtuko yote ya safari ile, lile jina jeupe na lile yowe, ilikuwa midogo mbele ya huu: kwamba mdogo wangu aliweza.

Kahama tulifika jioni. Baba alitoka hadi barabarani kutupokea. Alitazama nyuma yetu.

"Yuko wapi?"

"Nimemwacha," shangazi akasema.

"Milembe, nilikutuma—"

"Nilimkuta kazini, kaka. Amemzika Mathiasi."

Baba hakuwa amewahi kusikia maneno hayo mawili pamoja, kuzika na Mathiasi, kutoka kinywani mwa dada yake. Alivua kofia. Niliona midomo yake ikijaribu maswali kadhaa na kuyaacha, hadi lilipobaki moja.

"Alitetemeka?"

"Alitetemeka," shangazi akasema. "Akamaliza."