Dakika Hamsini Hadi Kisumu

Namshukuru Mungu aliyenipa siku nyingi kuliko nilizostahili, na kuniachia kumbukumbu hata ya yale ninayotamani kuyasahau.

Asubuhi ile nilikuwa Kajiado, kwenye kikao cha wazee wa kanisa, binti yangu aliponipigia kutoka nyumbani Kitengela. Kaka yangu mkubwa, kule kwetu mbele ya Kisumu, alikuwa amezidiwa. Tiketi binti alikuwa ameshanikatia. "Ni dakika hamsini tu hewani, Baba."

Nikatoka nje nikampigia kaka. Tulikuwa hatujasemezana miaka mitatu, tangu tulipomzika mama, kwa sababu ya maneno niliyomtupia mbele ya watu, kaburi likiwa bado wazi. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini utani haukuwa umemwisha.

"Mtu wa Umasaini! Unakuja na ng'ombe ama kwa miguu?"

"Kwa ndege, kaka. Dakika hamsini nimefika."

"Basi nangoja. Kwani huna neno la kuniambia?"

Neno lilikuwa mdomoni. Lakini kwetu msamaha hauombwi kwa simu. Mdogo hupiga magoti, mkubwa humwekea mkono kichwani.

"Hilo si la simu," nikasema. "Nakuja."

Nikashika barabara ya Namanga, nyuma ya malori. Nikapitia Kitengela kuchukua kitambulisho. Uwanja wa ndege unataka ufike mapema, nami nilipofika, ndege ikacheleweshwa. Angani zilikuwa dakika hamsini kweli. Kisha gari kutoka Kisumu, lami ikaisha, tukaingia vumbi. Tiketi huhesabu tangu magurudumu yanapoinuka. Kaka alihesabu tangu nilipokata simu.

Shemeji, mke wake, alinipokea mlangoni bila kilio.

"Alitaka akae akiangalia lango," akasema. "Akanivua saa yangu, akaivaa. Hamsini zikapita, akacheka: 'Ndege ya huyu imesimama kungoja ng'ombe zivuke.' Akauliza saa tena. Na tena. Halafu akaacha kuuliza. Shemeji, saa sita ulikuwa wapi?"

Saa sita nilikuwa kwenye foleni ya ukaguzi, viatu mkononi.

Niliingia, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikalisema neno langu lote. Kisha nikauinua mkono wake, nikauweka kichwani mwangu mwenyewe. Ukateleza. Nikauinua tena, ukateleza tena, hata shemeji akanigusa bega.

Hapa Kitengela ndege hupita juu ya mabati yetu zikienda kutua. Ninaposali mchana, husikia mtu nyuma yangu akiuliza imefika saa ngapi. Sigeuki. Namjibu saa ilivyo, kisha naendelea kusali, nikishukuru kwamba Mungu alilisikia lile neno, ingawa aliyelingoja hakulisikia.

Wewe unayesoma, Bwana akufikishe kwa watu wako wangali wanasikia. Na kama njia ni ndefu, akufungue kinywa kabla hujaondoka. Amina.